Unga wa madini ya uyoga: nilichokiona kwenye magunzi na kwenye mabua ya Kitere

Kijana wa duka la pembejeo alinimiminia unga kidogo kiganjani, nikausogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Punje nyingi zilikuwa za waridi iliyopauka, nyingine nyeupe, chache za kijani cha maji, na hapa na pale punje za buluu kali. Nimefundisha kemia sekondari miaka ishirini na sita, buluu ile siipotezi: mrututu, yaani salfeti ya shaba. Waridi iliyopauka ni salfeti ya manganizi. Nyeupe niliikisia kuwa ya zinki, na ile ya kijani kuwa ya chuma.

"Hiyo ni vitamini ya uyoga, mwalimu," alisema. "Kijiko kimoja kila mfuko, utavuna mara mbili."

"Humu kila madini yamo kwa kiasi gani, mwanangu?"

Akaigeuza pakiti, akaisoma mbele na nyuma. "Wameandika tu 'madini muhimu', mama."

Gramu 200, shilingi 6,000. Nikanunua. Nimeitumia kwa miezi minne sasa, na kwa kuwa wenzangu wanaootesha uyoga huku Mtwara na Lindi wameanza kuniuliza kama inafaa, naandika yote niliyoyaona. Jina la pakiti na la duka nayaacha. Pakiti za namna hii ni nyingi, na tatizo nitakalolieleza unaweza kulikuta kwenye yoyote.

Banda langu liko Mikindani, nyuma ya nyumba, la miti na makuti, sakafu ya mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni. Linabeba mifuko mia moja na ishirini ya uyoga mamama, ule ambao Waingereza wanauita oyster. Malighafi yangu ya siku zote ni mabua ya mpunga kutoka Kitere, yanayoletwa na kirikuu baada ya mavuno. Mabua yakiisha, au nauli ikipanda, natumia magunzi ya mahindi yaliyopondwapondwa. Magunzi hayana bei, lakini yananichosha roho. Utando mweupe, yaani nyuzi za uyoga zinazojaza mfuko kabla uyoga haujachipua, unatambaa humo kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya, na kadiri unavyochelewa ndivyo ukungu wa kijani unavyopata nafasi ya kuingia kabla yake. Nilinunua unga kwa ajili ya magunzi hasa.

Huku kwetu tunaijua kuvu kama adui. Kila mwenye mikorosho anaujua ubwiriunga, na anaijua salfa: ikifika Juni na Julai harufu yake imejaa kwenye nguo na kwenye nywele za watoto. Maduka yetu ya pembejeo yamepangwa kwa kazi hiyo ya kuua kuvu. Mrututu wenyewe ni silaha ya zamani. Ufaransa, tangu 1885, mizabibu inanyunyiziwa mrututu uliochanganywa na chokaa ili kuzuia ukungu wa majani. Kwa hiyo mtu akiniuzia mrututu na kuniambia ni chakula cha uyoga, lazima nisimame kidogo. Anachosema ni kweli. Ukweli wake uko kwenye kiasi.

Uyoga mamama unakula vitu ambavyo ng'ombe anavishindwa. Ndani ya bua kuna selulosi, ambayo ni sukari iliyosukwa kamba, na selulosi hiyo imezungukwa na lignini, ile gundi ngumu inayoufanya mti usimame. Lignini haina mpangilio wa kueleweka, kwa hiyo hakuna kimeng'enya (zana ya kemikali ambayo kiumbe hai hujitengenezea) kinachoikata kama mkasi unavyokata uzi. Kuvu inaivunja kwa kuitupia kemikali kali. Mojawapo ya zana zake ni kimeng'enya kiitwacho peroksidasi ya manganizi, kilichogunduliwa miaka ya 1980 kwenye kuvu ya kuozesha magogo, na mamama wetu anacho pia. Kimeng'enya chenyewe ni kikubwa mno kupenya vitundu vya ukuta wa bua. Hivyo kinabaki nje na kumtuma manganizi. Kinamnyang'anya elektroni moja, naye anakuwa mkali. Anashikwa na asidi ya oksaliki ambayo kuvu yenyewe imeitoa, anapenya hadi ndani, anaichukua elektroni kutoka kwenye lignini, anatulia, na anaweza kurudi kutumwa tena. Kwa sababu mjumbe ni yuleyule anayekwenda na kurudi, wajumbe wachache wanatosha. Asipokuwapo kabisa, kimeng'enya hicho kinakosa wa kumtuma.

Shaba nayo ina kazi yake. Mamama anatengeneza kimeng'enya kingine, lakasi, na kila molekuli yake imebeba atomi nne za shaba. Lakasi ilionekana kwanza Japani mwaka 1883, kwenye utomvu wa mti ambao Wajapani wanautumia kupaka vyombo rangi inayong'aa, na mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono akaunguzwa na mafuta ya ganda lake ataelewa haraka jinsi utomvu wa mti ule ulivyo, maana nao unababua ngozi vivyo hivyo. Zinki ndiyo iliyotangulia kujulikana kuliko zote. Mwaka 1869 Mfaransa Jules Raulin, mwanafunzi wa Pasteur, alionyesha kwamba ile kuvu nyeusi tunayoiona kwenye vitunguu vilivyooza haistawi vizuri isipopata zinki kidogo. Niliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, nao kila mwaka walishangaa kwamba ukungu pia una njaa ya zinki ileile inayopakwa kwenye mabati.

Sasa pakiti.

Maelekezo yake yanasema: changanya kijiko kimoja kwa kila mfuko, ndani ya maji ya kulowekea. Mimi, kama wengi, naloweka mabua usiku kucha kwenye maji ya chokaa ili kuua vijidudu, na chokaa yetu ya Mikindani ni ya mawe ya matumbawe, kali kwelikweli. Awamu ya kwanza nilifuata maelekezo neno kwa neno. Mifuko sita ya mabua yenye unga, sita isiyo nao. Maji ya pipa lenye unga yalichafuka, yakawa na machicha ya kahawia yaliyotuama chini. Mifuko yote kumi na miwili ilijaa utando kati ya siku ya 17 na ya 18. Hakuna tofauti hata ya kusingizia.

Nilikaa nikiyatazama yale machicha, nikajilaumu kwa kutofikiri mapema. Kwenye maji yenye chokaa nyingi, manganizi, chuma, shaba na zinki haziyeyuki. Zinageuka kuwa mashapo na kutuama. Shilingi zangu zilikuwa zimelala chini ya pipa, nikazimwaga kwenye migomba. Anayeuza unga huu Tanzania anajua kwamba wakulima wadogo wengi wanatumia chokaa, na bado anaelekeza utiwe kwenye maji ya kulowekea. Hilo ni kosa la kwanza la pakiti hii, na ni kosa kubwa.

Awamu ya pili niliacha chokaa. Nilipika magunzi kwa mvuke kwenye pipa kwa muda wa saa nne, yakapoa, nikayanyunyizia unga mkavu kijiko kimoja kila mfuko, nikageuza kwa mikono, nikapanda mbegu. Mifuko sita. Miwili ilikwenda vizuri kuliko magunzi yoyote niliyowahi kuyaona. Minne ilisimama. Utando ulishuka vidole vitatu kutoka juu, ukawa mzito na wa manjano ukingoni, ukagoma. Siku ya kumi na tano ukungu wa kijani ulikuwa umeshaingia mitatu kati ya hiyo minne, nikaitoa bandani usiku uleule.

Niliupasua mmoja juani. Palikuwa na madoa ya buluu, kila doa limezungukwa na duara ambalo utando haukuligusa. Hapo ndipo nilipoelewa. Unga huu haukusagwa kwa usawa: punje za mrututu ni kubwa na nzito kuliko nyingine, hivyo pakiti ikitikisika kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi huku, zinahama na kujitenga. Kijiko kimoja kinaweza kuchota mrututu mwingi, kinachofuata kisichote kitu. Mifuko yangu miwili iliyostawi ilipata bahati. Minne ilipata dozi ya mizabibu ya Ufaransa.

Kuhusu kiasi nimefanya hesabu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Mfuko wangu una kilo mbili zikiwa mbichi. Ukiondoa maji, zinabaki kama gramu 700 za kitu kikavu. Ukitaka kuongeza miligramu 50 za manganizi kwa kila kilo kavu, kiasi ambacho kwa uyoga ni kingi tayari, mfuko mzima unahitaji miligramu 35. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu ishirini na kitu. Kwa hiyo manganizi yote inayotakiwa na mfuko haizidi uzito wa punje mbili za mchele. Hata ukiihesabu ikiwa ndani ya chumvi yake ya salfeti, ni punje tano hivi. Kijiko cha chai cha unga kina gramu nne hadi tano. Bila kuandikiwa humo mna asilimia ngapi ya nini, kijiko hicho ni kubahatisha, na unabahatisha kwa shaba, ambayo kidogo chake ni chakula na kingi chake ni sumu. Pakiti ya mbolea ya mahindi inakuandikia namba zake kubwa mbele. Kwa nini ya uyoga isiandike?

Awamu ya tatu nilifanya kwa njia yangu. Nilinunua pakiti mpya, nikaiyeyusha yote kwenye lita mbili za maji ya mvua. Maji ya kisima chetu sikuyatumia, yana chokaa ya matumbawe na sabuni haitoi povu humo. Nikakamua ndimu mbili ili mchanganyiko ubaki na uchachu na chuma isigeuke kutu. Nikapata maji ya kijani mepesi, safi, bila mashapo. Kila mililita moja ya maji hayo ina gramu 0.1 ya unga. Kwa bomba la sindano nilivuta mililita 5 kwa mfuko, sawa na nusu gramu, nikazichanganya kwenye nusu lita ya maji na kunyunyizia magunzi yaliyokwisha kupikwa na kupoa. Kumbuka nusu gramu hiyo ni sehemu ya kumi tu ya kijiko walichoniambia.

Nilitayarisha mifuko 24. Sita ya magunzi yenye maji ya madini, sita ya magunzi matupu, sita ya mabua yenye madini, sita ya mabua matupu. Mabua safari hii nayo nilipika kwa mvuke, bila chokaa, ili vita iwe ya haki. Yote yalitumia mbegu za chupa zilizotayarishwa siku ileile na kukaa kwenye rafu moja, nikiyabadilisha nafasi kila Jumapili. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, bandani hapakuzidi joto la kuumiza.

Magunzi matupu yalijaa utando siku ya 29. Magunzi yenye madini yalijaa siku ya 23. Siku sita ni nyingi sana kwangu, ni karibu wiki nzima ya kulala bila kuwaza ukungu wa kijani. Mavuno ya kwanza ya mifuko sita mitupu yalikuwa kilo 1.6, ya yenye madini kilo 2.1. Uyoga wenyewe ulikuwa mnene shingoni, na magunzi yalipovunjwa baadaye yalisagika mkononi kama mkate wa jana, ilhali yale matupu yalikuwa bado na moyo mgumu katikati.

Mabua ya Kitere hayakujali. Matupu yalitoa kilo 2.9, yenye madini kilo 2.8. Utando ulimaliza kazi siku ileile kwa pande zote mbili.

Nimelifikiria hili sana, na sababu ninayoiona iko shambani, kabla mabua hayajafika bandani. Mpunga unasimama kwenye maji. Udongo uliofunikwa na maji unakosa hewa, na udongo usio na hewa unaiachia manganizi iyeyuke, mpunga ukainywa na kuihifadhi kwenye majani na mabua. Bua la mpunga wa bondeni linakuja bandani limeshabeba wajumbe wa kutosha. Gunzi ni hadithi nyingine. Mahindi yetu yanalimwa juu, kwenye mchanga mwekundu, na gunzi ni ule mti wa katikati tu. Mmea umeshahamisha vilivyo vyema kwenda kwenye punje, umebakiza nyuzi. Kuongeza madini kwenye mabua ya mpunga ni kumpa maji mtu aliyetoka kunywa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama nunua au usinunue, najibu kwa kuuliza: unaotesha kwenye nini? Mwenye mabua ya mpunga abaki na shilingi zake. Mwenye magunzi anaweza kununua, na pakiti moja ikiyeyushwa kama nilivyofanya inatosha mifuko 400, yaani shilingi 15 kwa mfuko, gharama ambayo haifiki hata bei ya pipi. Mtu wa Lindi anayetumia mabua ya ufuta sina la kumwambia kwa uhakika mpaka nami niyajaribu, ila ningeanza na mifuko mitatu tu, na nusu gramu, kamwe si kijiko. Unga wenyewe nauona mzuri. Maelekezo yake ni mabaya, na lebo yake inaficha kile ambacho mnunuzi anakihitaji kuliko vyote. Kama kuna nyota za kutoa, unga nautolea nne na karatasi yake moja.

Ufungashaji nao urekebishwe. Hewa ya bahari ya Mikindani iliugeuza unga uliobaki kuwa jiwe ndani ya wiki mbili, ingawa niliufunga kwa mpira. Ukinunua, yeyusha siku hiyohiyo, tia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika, na iweke mbali na watoto. Maji ya kijani kwenye chupa ya soda ni hatari nyumbani.

Naomba niseme pia jambo moja ambalo limenisumbua kuliko pakiti yenyewe. Jirani yangu mmoja, baada ya kusikia kwamba siri ni manganizi, aliambiwa na mtu aponde betri za redio zilizokwisha na kuutia unga wake mweusi kwenye magunzi. Tafadhali, msifanye. Ni kweli unga ule mweusi una manganizi, lakini ni dioksidi, haiyeyuki kwenye maji, na betri inaweza kuwa na metali nyingine zilizochanganyika humo. Uyoga hauchagui kama tunavyodhani. Mamama anajulikana kwa kufyonza kadimiamu na risasi kutoka kwenye anachokila na kuzikusanya mwilini mwake, naye anaonekana mzuri, mweupe, ananukia vizuri. Ninayemuuzia ni mama lishe, naye anamkaangia mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyohiyo, hata chupa yangu ya madini siiongezi dozi nikiona inafanya vizuri.

Nilirudi dukani mwezi uliopita na daftari langu. Kijana alinisikiliza kwa heshima, akanakili hesabu ya nusu gramu nyuma ya kitabu chake cha risiti, akasema atampigia msambazaji amuulize asilimia. "Wakinijibu nitakutafuta, mwalimu." Bado hajanitafuta, lakini wateja wawili wamenijia wakisema wameelekezwa na yeye wayeyushe kwanza kwenye maji ya mvua, na hilo limenifurahisha.

Pakiti ya tatu sijanunua. Nimejaza mifuko kumi ya magunzi niliyoyachanganya na mabua ya Kitere, debe moja la mabua kwa madebe mawili ya magunzi, bila unga wowote, kuona kama mpunga utaweza kumkopesha gunzi wajumbe wake. Leo ni siku ya 12. Utando umeshavuka katikati ya mfuko, mweupe, hauna doa.